Kinga ya Mwili Inapokugeuka Katikati ya Tiba ya Saratani ya Matiti: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Ilikuwa Februari, Kimara, saa saba mchana. Feni linazunguka kwa kasi yake yote na bado jasho linatutiririka. Dada yangu amekaa kwenye kochi amevaa sweta, juu yake amejifunika khanga mbili, na bado anasema anasikia baridi. Nilimpima joto mara tatu siku hiyo, homa hakuna. Uso ulikuwa umemvimba kidogo, sauti imekuwa nzito, na alikuwa akiongea polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kwa wiki sita tulikuwa tunazunguka. Zahanati ya jirani ilimpa dawa ya malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha vijidudu. Baadaye wakasema taifodi. Baadaye dripu za vitamini. Kumbe tezi yake ya shingo, thairoidi, ilikuwa imezimika, na kilichoizima ni dawa aliyokuwa anachomwa kutibu saratani ya titi. Kipimo kimoja tu cha damu ndicho kilichotuonyesha.

Yule tabibu wa zahanati simlaumu sana. Alimuuliza dada, "Una tatizo gani lingine, mama?" Dada akajibu, "Natibiwa saratani." Jina la dawa hakulitaja kwa sababu hakulijua, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake sikulijua pia. Lilikuwa kwenye faili, na faili lilikuwa hospitali nyingine. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa hatua, na hatua ya kwanza ni ile tuliyoiruka sisi. Hauchukui nafasi ya daktari wako wa saratani. Utakusaidia kumfikia ukiwa na la kumwambia, tena mapema.

Hatua ya 1: Jua jina la dawa yako na ukoo wake

Watu wengi husema "niko kwenye kemo" hata kama wanachopata si kemo. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka popote zilipo. Tiba lengwa hutafuta alama fulani kwenye seli ya saratani au kwenye kinga ya mwili na kuishughulikia hiyo. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa kuwa madhara yake hayafanani na yanatibiwa kwa njia tofauti. Majina ya dawa hizi nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili uweze kuyalinganisha na yako.

Ukoo wa kwanza ni wa dawa za HER2, kwa wagonjwa ambao kipimo cha uvimbe wao kilionyesha HER2, protini inayoisukuma seli ya saratani ikue, ni chanya. Mkubwa wao ni trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kama Herceptin. Ilianza kutumika Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Shida yake kubwa ni moyo kupunguza nguvu ya kusukuma damu. Hiyo si kinga kuushambulia mwili, na mara nyingi moyo hurudia hali yake dawa ikisimamishwa, ila inabidi kupigwa eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3 hivi. Ndani ya ukoo huu yupo mdogo wao mkali, trastuzumab deruxtecan, yaani Enhertu. Huyu anaweza kuwasha mapafu, yaani kuyavimbisha kwa ndani. Kwenye tafiti zake kubwa za saratani ya matiti, takribani wagonjwa 10 hadi 15 kati ya 100 walipata tatizo hilo.

Ukoo wa pili ni vidonge vya palbociclib, ribociclib na abemaciclib, vinavyotolewa pamoja na dawa za homoni kama letrozoli. Hivi kwa kawaida hushusha chembe nyeupe za damu, na abemaciclib huharisha sana. Mara chache huwasha mapafu au ini, na wapo wagonjwa wachache waliotokwa na mabaka meupe kwenye ngozi, au vipele vinavyofanana na vya lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe.

Ukoo wa tatu ndio hasa mada yetu: tiba ya kinga, ambayo kliniki wanaiita imunotherapi. Kwa saratani ya matiti jina utakalolisikia zaidi ni pembrolizumab, yaani Keytruda, na hutolewa kwa saratani ya hasi tatu, ile isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2. Mara nyingi hutolewa pamoja na kemo, kwa dripu kila baada ya wiki 3, na kwa saratani iliyowahiwa tiba nzima huchukua karibu mwaka, kabla ya upasuaji na baada yake.

Inavyofanya kazi ni hivi. Askari wa kinga, zile chembe nyeupe zinazoitwa seli T, wana breki inayoitwa PD-1. Breki hiyo huwazuia wasishambulie mwili wenyewe. Saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo ili askari wapite bila kuigusa. Pembrolizumab huiachia breki. Askari wanaiona saratani na kuivamia. Lakini breki ikishaachiwa haiachiwi kwa saratani peke yake. Askari wale wale wanaweza kuivamia tezi, utumbo, ini, mapafu, viungo vya mikono, hata moyo. Waliogundua namna ya kuziachia breki hizi, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018.

Kwenye utafiti mkubwa uliothibitisha dawa hii kwa saratani ya hasi tatu iliyowahiwa, wenye wagonjwa 1,174, karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopewa pembrolizumab alipata dhara la kinga la aina fulani. Takribani 15 kati ya 100 tezi yao ya shingo ilipungua nguvu. Wengi wao waliendelea na tiba vizuri. Nayasema haya kwa sababu nimekutana na akina mama waliosikia neno "madhara" wakakimbia dawa. Usiikimbie. Ijue tu.

Kama ulianzia tiba nje ya nchi, hasa India kama wengi wetu, usipande ndege kurudi bila karatasi yenye jina la dawa, dozi, na tarehe ya kila dripu. Daktari wa Dar hawezi kubahatisha.

Hatua ya 2: Vipimo vya mwanzo, kabla ya dripu ya kwanza

Unapima ukiwa mzima ili baadaye ikitokea shida pawepo pa kulinganishia. Muulize daktari kama umefanyiwa hivi: picha nzima ya damu, ini, figo, sukari, thairoidi, kotisoli ya asubuhi (homoni ya tezi za juu ya figo), umeme wa moyo na picha ya kifua. Ongeza homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Hivyo viwili vya mwisho havikufungii mlango wa tiba, ila vinabadilisha mpango, maana homa ya ini B iliyolala inaweza kuamka.

Mwambie pia kama umewahi kuwa na lupasi, baridi yabisi, soriasisi, rovu, au kama uliwahi kutibiwa TB, hata kama ni miaka ya nyuma. Na uliza kuhusu uzazi wa mpango. Hupaswi kushika mimba ukiwa kwenye dawa hizi, wala miezi 4 baada ya pembrolizumab ya mwisho, au miezi 7 baada ya trastuzumab.

Thairoidi, ini, figo na sukari hurudiwa mara kwa mara wakati wa tiba. Kama una bima, uliza mapema kipi kinahitaji kibali, usije ukakwama dirishani siku ya dripu.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi, ibebe kila mahali

Hii ni hatua ndogo inayookoa watu. Chukua karatasi ya ukubwa wa kitambulisho, andika pande zote mbili, kisha ipeleke kwenye steshenari yoyote wailaminishe. Ya dada yangu ina jina lake na umri, "Saratani ya titi, hasi tatu", "Pembrolizumab", tarehe ya dripu ya kwanza na ya mwisho, namba ya simu ya kliniki yake, na namba yangu. Nyuma tuliandika kwa herufi kubwa: DAWA HII INAWEZA KUFANYA KINGA YA MWILI ISHAMBULIE KIUNGO CHOCHOTE, HATA MIEZI MINGI BAADA YA KUISHA. TAFADHALI PIGA SIMU KABLA YA KUTIBU.

Ipige picha uiweke kwenye simu yako na ya mtu mmoja nyumbani. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kujieleza.

Kwenye hatua hii hii, panga safari ya usiku. Idara ya dharura ya Muhimbili, Upanga, inapokea wagonjwa saa 24, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo ndani ya eneo hilo hilo. Kliniki ya Taasisi ya Saratani Ocean Road hufanya kazi mchana. Kwa hiyo ulizia kliniki yako: nikizidiwa saa nane usiku niende wapi? Anayekaa Kigamboni ajue kabisa kama atavuka kwa pantoni au atazungukia darajani, na nani ana gari. Namba ya mwenye bajaji unayemwamini iandikwe ukutani jikoni.

Hatua ya 4: Daftari la kila siku

Nunua daftari la shule. Kila jioni andika mistari mitatu au minne: choo mara ngapi, pumzi ikoje, ngozi ikoje, nguvu zikoje. Mara moja kwa wiki andika uzito. Daktari anakuona dakika chache kila wiki tatu, naye hatakumbuka ulivyokuwa, wala wewe hutakumbuka. Daftari litakumbuka.

Sasa nikueleze cha kutazama, kiungo kwa kiungo. Kwa ujumla ngozi hutangulia ndani ya wiki chache, utumbo na ini hufuata, tezi huchelewa zaidi. Ila hakuna kanuni.

Ngozi. Vipele na muwasho ni kawaida, na mara nyingi krimu huvimaliza. Hatari ni ngozi kuchubuka au kutoa malengelenge, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, hasa vikiwa na homa. Hapo unaondoka nyumbani saa hiyo hiyo. Usipake krimu za kuchubua rangi wala michanganyiko ya saluni kwenye kipele usichokijua.

Utumbo. Hapa hesabu ina maana kuliko maneno. Linganisha na kawaida yako. Kama kawaida unakwenda haja kubwa mara moja kwa siku na leo umekwenda mara tatu au nne, piga simu kliniki leo. Ikiwa safari zimeongezeka kati ya 4 na 6 juu ya kawaida, inabidi uonwe ndani ya siku hiyo au kesho yake. Zikiongezeka 7 au zaidi, au kuna damu, kamasi, au tumbo linakata vibaya, hiyo ni dharura. Usiizuie kwa vidonge vya kufunga kuhara ukakaa kimya, kwa sababu vitaficha hesabu huku utumbo unaendelea kuungua. Anayetumia abemaciclib hali yake ni nyingine: kuhara kwake mara nyingi si kwa kinga, na hupewa lopiramidi mapema kabisa. Ukoo wa dawa ndio unaoamua, ndiyo maana nilianza nao.

Ini. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia. Mara nyingi ini huwaka kimya na ni kipimo cha damu kitakachosema. Na hapa naomba nikuambie jambo kwa upendo: acha dawa za "kuongeza kinga" zinazouzwa kwenye mabasi na kwenye magrupu ya simu, unga wa mlonge kwa vikombe, mizizi ya kuchemsha usiyoijua. Kinga yako imekwisha kuachiwa breki, haihitaji kuongezewa moto, na ini likivimba daktari atashindwa kujua ni dawa ya dripu au ni kile cha kwenye chupa. Kama umeshakunywa, sema. Usione haya.

Mapafu. Kikohozi kikavu kisichoisha, na kuishiwa pumzi kwenye ngazi ulizokuwa unazipanda bila shida. Chukua kipimo chako mwenyewe: ngazi za nyumbani, au daraja la waenda kwa miguu la kituo cha mwendokasi. Ukianza kusimama katikati ulipokuwa husimami, andika tarehe, piga simu. Mji huu una TB nyingi, kwa hiyo utaombwa makohozi, na ni sawa kabisa. Ila omba picha ya CT ya kifua ifanyike sambamba, usisubiri majibu ya TB kwanza ndipo uanze kuulizia mapafu. Kwa anayetumia Enhertu hili ni kubwa zaidi. Hata picha ikionyesha mabadiliko bila dalili, dawa husimamishwa. Yakija na dalili, dawa hiyo hairudiwi tena.

Moyo. Kuwaka kwa misuli ya moyo kutokana na tiba ya kinga ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini huua, na mara nyingi hutokea miezi 3 ya mwanzo. Kifua kubana, moyo kwenda mbio au kuruka, miguu kuvimba, kuzimia. Wakati mwingine huja pamoja na kope kushuka, kuona vitu viwili viwili, au shingo kushindwa kubeba kichwa. Usisubiri asubuhi. Utahitaji kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini.

Sukari. Kinga ikivamia kongosho, mtu asiyekuwa na kisukari anakipata ndani ya siku chache. Kiu isiyokatika, mkojo kila saa, kutapika, kupumua kwa nguvu, harufu kama ya matunda yaliyoiva sana mdomoni. Kipimo cha kidole kipo karibu kila zahanati na kinachukua dakika moja. Kikisoma juu, hospitali kubwa usiku huo huo, kwa sababu kinachotakiwa ni insulini. Vidonge havitatosha.

Tezi. Hizi ndizo zinazojificha vizuri kuliko zote. Thairoidi mara nyingi huanza kwa kwenda mbio: moyo kudunda, jasho, kupungua uzito, mikono kutetemeka. Baada ya wiki kadhaa inachoka na kuzimika: baridi, uvimbe wa uso, choo kigumu, usingizi, kuongezeka uzito. Dada yangu alipita hatua zote mbili. Ile ya kwanza tulidhani ni wasiwasi wa ugonjwa. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikiwaka huleta kichwa kuuma kusikokoma na uchovu wa kupindukia. Adrenali, zile tezi zilizokaa juu ya figo, zikizimika presha inashuka, unasikia kizunguzungu ukisimama, unatapika, unatamani chumvi. Mtu anaweza kuanguka akafa kwa hiyo, na huku kila mtu anasema ni uchovu wa kemo.

Viungo. Vidole vigumu asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, magoti yamevimba, mikono inashindwa kukamua kitenge baada ya kukifua. Letrozoli nayo huuma viungo, kwa hiyo mwonyeshe daktari uvimbe wenyewe, ukiweza upige picha asubuhi ukiwa mbaya.

Hatua ya 5: Ukifika zahanati, sema hivi

Ukiwa na homa ukiwa kwenye kemo pamoja na tiba ya kinga, usianzie duka la dawa. Homa ya nyuzi 38 na zaidi ni dharura kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka sana. Lakini ikiwa umefika zahanati ya mtaani kwa sababu ndiyo iliyo karibu, toa kadi kabla hujakaa, useme:

"Daktari, shikamoo. Natibiwa saratani ya titi kwa dawa inayoachia breki za kinga ya mwili. Jina lake ni hili hapa. Inaweza kuwasha ini, utumbo, mapafu, moyo na tezi. Naomba unipime malaria, sukari na presha kabla ya kunipa dawa yoyote, na naomba tumpigie daktari wangu pamoja."

Malaria ipo Dar es Salaam, na mgonjwa wa saratani anaugua malaria kama mtu mwingine. Kipimo kikisema ipo, itibiwe bila kuchelewa. Kinachotuumiza ni dozi ya mseto kwa kipimo kilichosema hakuna, halafu dozi ya pili, halafu taifodi. Kila dozi hiyo inakula wiki. Anayetumia ribociclib awe mwangalifu zaidi: dawa hiyo hugusa umeme wa moyo, na mseto pamoja na baadhi ya antibayotiki hugusa pale pale. Asijinunulie. Na balungi aliache, lenyewe na juisi yake, kwa kuwa hupandisha kiwango cha vidonge hivi kwenye damu.

Hatua ya 6: Steroidi, na namna ya kuzishuka

Kwa madhara mengi ya kinga yaliyo makali, daktari atasimamisha dripu na kukupa prednisoloni. Dozi yake hushtua. Huhesabiwa kwa uzito, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo kwa siku. Mama wa kilo 60 anaanzia miligramu 60, na kwa kuwa vidonge vingi vya kwetu ni vya miligramu 5, hivyo ni vidonge 12 kwa mkupuo. Mhudumu wa duka la dawa anaweza kukuambia, "Dada, hii imekosewa, kunywa viwili." Usipunguze kwa maneno ya dukani. Piga simu kliniki.

Vinywe asubuhi, baada ya kula. Ukinywa jioni hutalala. Ukiona unafuu siku ya tatu, usiache. Dozi hushushwa taratibu kwa wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mbili: ugonjwa hurudi kwa kishindo ukiacha ghafla, na tezi za juu ya figo huwa zimelala kwa kuwa zilipata msaada wa nje, hivyo zinahitaji muda kuamka. Sisi tulichora kalenda kwenye karatasi ya manila, tarehe na idadi ya vidonge, dada anakata kila siku kwa kalamu nyekundu.

Kabla au mwanzoni mwa steroidi za muda mrefu, uliza mambo haya. Je, nimepimwa TB na homa ya ini B? Je, ninywe dawa ya minyoo? Swali hili lina uzito katika nchi zetu za joto: kuna mnyoo anaitwa strongiloidi, anaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, na steroidi zikishusha kinga anasambaa mwili mzima. Je, ninywe septrini ya kuzuia nimonia? Kwa kawaida huanzishwa ukitarajiwa kuwa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4 na kuendelea. Je, nipewe dawa ya kulinda tumbo na mifupa? Sukari na presha zipimwe mara kwa mara, na chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, zisubiri.

Kama siku 2 au 3 za steroidi hazijatuliza utumbo, kuna dawa nyingine zenye nguvu, kama infliximab. Hiyo inaweza kuiamsha TB iliyolala, kwa hiyo swali la TB linarudi tena. Nimelirudia makusudi.

Utasikia hofu kwamba steroidi zitaiua nguvu ya tiba ya saratani. Steroidi zinapotolewa kutuliza dhara kali, kutozinywa ndiko kunakohatarisha maisha. Saratani itashughulikiwa mgonjwa akiwa hai.

Hatua ya 7: Tezi iliyozimika, dawa ya maisha

Utumbo, ini na ngozi mara nyingi hupona. Tezi kwa kawaida hazirudi. Thairoidi ikizimika utakunywa levothairoksini kila siku, na habari njema ni kwamba kwa hili peke yake tiba ya saratani kwa kawaida inaendelea.

Kidonge kinywewe asubuhi tumbo tupu, na maji matupu, ukae nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kwetu hapa ndipo tulipokosea: dada alikuwa anakimeza na chai ya maziwa na chapati, na kipimo cha thairoidi kikawa hakirudi sawa. Maziwa, vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu huzuia kufyonzwa kwake. Kalsiamu na madini ya chuma visogezwe mbali kwa saa 4. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hivi.

Kama adrenali au pituitari nazo zimeguswa, haidrokotisoni hutangulia, levothairoksini inafuata. Kinyume chake kinaweza kukuangusha. Mwenye hali hii akipata homa anaongeza dozi mara mbili kwa maelekezo ya daktari, na akitapika asiweze kushika vidonge, anahitaji sindano hospitali mara moja. Iandike kwenye ile kadi. Dawa zinunuliwe kabla hazijaisha, hasa kuelekea sikukuu na safari za kijijini. Beba akiba ya wiki mbili.

Hatua ya 8: Dripu zikiisha

Breki hazirudi siku ile dripu inapoisha. Dhara la kinga linaweza kuja mwezi wa pili, wa sita, hata zaidi ya mwaka baadaye, wakati nywele zimeota, umerudi kazini, na umeshasahau jina la dawa. Kadi ibaki kwenye pochi. Mwambie daktari wa meno, wa macho, wa upasuaji mwingine wowote. Vipimo vya thairoidi viendelee kwa ratiba utakayopewa, na ukipata dalili mpya isiyoelezeka, kliniki ya saratani ndiyo ya kwanza kupigiwa hata kama waliishakuaga.

Dada yangu dripu yake ya mwisho ni ya zamani sasa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alamu ya simu inalia, anameza kidonge kimoja na glasi ya maji, anarudi kulala kidogo. Saa kumi na mbili na nusu ananywa chai yake ya maziwa. Sweta amelirudisha kabatini, na Februari hii alilalamika joto kama sisi wengine.